Faradhi ya Kugeuka Nyuma

Barabara ya kutoka Kerugoya kwenda Kutus inateremka kwa namna inayomfurahisha mwendesha baiskeli na kumtia hofu mama yake. Migomba na kahawa hupita mbio pembeni, upepo hujaa masikioni, na anayekufuata humsikii tena. Kwenye mteremko kila mtu anaangalia mbele. Akianguka wa mwisho, nani anajua?

Kerugoya kuna waendesha baiskeli wa aina mbili. Wa kwanza ni wa tangu zamani: mwenye Black Mamba iliyochakaa, keria ya chuma nyuma, amefunga mkungu wa ndizi au gunia la mchele wa Mwea kwa mpira wa tairi kuukuu. Wa pili ni wa miaka ya karibuni: mwalimu, karani wa benki, fundi wa simu, mwenye kofia ya kinga na suruali ya kubana, ambaye Jumamosi hupanda kuelekea Kagumo na Karatina kwa ajili ya afya na sifa kidogo. Wote wana moyo unaoweza kusimama ghafla, na fuvu linaloweza kugonga lami. Ila wa pili husafiri kwa kundi, na watu hudhani kwamba kundi ni usalama.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio lililoitikisa dhana hiyo. Wanafunzi waliketi kila mmoja katika chumba chake, wakizungumza kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wao akasikika akishikwa na kifafa, ingawa kwa kweli ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Miongoni mwa waliodhani kwamba ni wao pekee waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Walipodhani yuko msikilizaji mwingine mmoja, wakawa asilimia 62. Walipodhani wako wengine wanne, wakashuka hadi asilimia 31. Wale ambao hawakutoka hawakuwa watu baridi. Mtafiti alipoingia aliwakuta wengi wao mikono ikitetemeka, wakiuliza kama yule mtu yuko salama. Walijali, lakini walikaa kwenye viti.

Fikiria basi waendeshaji sita juu ya Kutus, na wa sita ameinama juu ya usukani akishika kifua. Kila mmoja wa watano ana sababu nzuri ya kuamini kwamba mwenzake ameshapiga simu.

Wanazuoni wa Kiislamu walilitambua tatizo hili karne nyingi kabla ya maabara za saikolojia, na Waswahili wamelirithi katika elimu ya chuoni. Kuna faradhi ya aini, inayomkabili kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano. Na kuna faradhi ya kifaya, inayoukabili umma mzima: wakiitimiza baadhi, waliobaki wamesamehewa, wakiiacha wote, wote wanabeba dhambi. Mfano unaojulikana na kila mtoto wa madrasa ni maiti, yaani kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Kumwokoa aliye hatarini kumewekwa katika fungu hilo hilo, na mafakihi wanasema kwamba hata aliye katikati ya sala anapaswa kuikata ili amtoe mtu anayezama.

Uzuri wa fundisho hili uko katika hesabu yake ya dhambi. Watano wale wa Kutus wakimwacha wa sita, lawama haigawanywi kwa tano. Kila mmoja anaibeba nzima. Akiwa amebaki shahidi mmoja tu, kifaya inageuka kuwa aini juu ya kichwa chake. Wakufunzi wa huduma ya kwanza, bila kutaja fikihi, hufundisha jambo lile lile. Wanakuambia usipaze sauti hewani kwamba mtu apige simu. Mnyooshee kidole mmoja: wewe mwenye jezi nyekundu, piga 1199, ile nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kisha urudi uniambie wamesema nini. Ukishamtaja, hana tena pa kujificha.

Wakristo, ambao ndio wengi Kirinyaga, wana kisa chao, nacho kinatokea barabarani. Msamaria wa Luka sura ya 10 amehubiriwa sana hata amekuwa laini. Wasikilizaji humwona kama mtu mwenye moyo mzuri, na kuhani na Mlawi kama wanafiki. Huenda hilo ni kosa la kusoma. Mwaka 1973 Darley yule yule, pamoja na Daniel Batson, waliwajaribu wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton. Waliwatuma kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa hotuba kuhusu Msamaria huyo huyo. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kugumia. Waliokuwa na muda wa kutosha walisaidia kwa asilimia 63. Wenye haraka ya wastani, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Wengine walimruka mgonjwa ili wawahi kumhubiri Msamaria.

Mtu anaweza kucheka. Lakini mwendesha baiskeli wa leo ana saa kwenye usukani inayomweleza mwendo wake kila sekunde, na nyumbani simu inayompanga nafasi yake dhidi ya kila aliyewahi kupanda kilima cha Kagumo. Amejifungia haraka kwa hiari na kwa pesa zake. Kuhani wa Luka pengine alikuwa na zamu hekaluni. Huyu wetu hana zamu yoyote, ana rekodi.

Martin Luther King aliliona jambo jingine katika kisa hicho. Tarehe 3 Aprili 1968, usiku wa kuamkia siku aliyouawa, aliwaambia watu wa Memphis kwamba yeye na mkewe waliwahi kuendesha gari kwenye barabara ya Yeriko, wakaona jinsi inavyojipinda na inavyofaa kwa wanyang'anyi. Akakisia kwamba kuhani na Mlawi waliogopa. Walijiuliza watapatwa na nini wakisimama, ilhali Msamaria alijiuliza yule majeruhi atapatwa na nini yeye asiposimama. Hofu hiyo inaeleweka vizuri Kenya. Anayesimama kumsaidia majeruhi barabarani anaogopa kudhaniwa ndiye aliyemgonga, anaogopa kuandikisha taarifa polisi, anaogopa kuitwa shahidi mahakamani miezi kadhaa baadaye, na anaogopa kuulizwa hospitalini ni nani atakayelipa. Sheria haimsukumi sana. Dereva aliyehusika katika ajali analazimika kusimama, lakini mpita njia tu hana wajibu kama huo katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza ambayo Kenya iliyarithi. Ufaransa na Ujerumani, kinyume chake, zinamwadhibu anayeweza kusaidia bila hatari kwake naye akaacha.

Hata hivyo, sheria, hadithi na jaribio vyote vinaanzia hatua ya pili. Vinadhani mhitaji ameshaonekana. Kuhani alimwona, Mlawi alimwona, mwanafunzi wa Princeton alimwona. Swali la kwenye mteremko wa Kutus linatangulia hapo: nani anajua kwamba mtu ameanguka?

Tarehe 26 Septemba 2024, Zurich, Uswisi, msichana wa miaka 18 aitwaye Muriel Furrer alikuwa akishindana katika ubingwa wa dunia wa baiskeli kwa vijana, katika nchi yake mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa ya mvua. Alianguka mahali penye msitu, akatoka nje ya barabara, na taarifa za baadaye zilionyesha kwamba alikaa hapo zaidi ya saa moja kabla ya kupatikana. Alifariki siku iliyofuata. Mashindano ya ngazi hiyo yana waamuzi, pikipiki, magari ya timu, madaktari na kamera. Kila mmoja wao alikuwa tayari kusimama. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna wa kusaidiwa. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, ubingwa huo uliletwa Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na chama cha kimataifa cha mchezo huo kikaweka vifaa vya kufuatilia mahali alipo kila mwendeshaji.

Kwa nini hili ni suala la falsafa badala ya kuwa suala la vifaa tu? Kwa sababu linabadilisha jibu la swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu, kwamba jirani yangu ni nani. Jibu la kawaida ni yeyote utakayemkuta njiani akihitaji. Lakini katika kundi la baiskeli kuna ujirani wa aina nyingine, mzito zaidi: wa yule ambaye asipokuona ataanza kuuliza. Mgeni akinikuta mtaroni, ananidai huruma. Mwenzangu tuliyeondoka naye asubuhi ana kitu ambacho dunia nzima haina, yaani anajua kwamba tulikuwa sita. Maarifa hayo yanamfunga hata kabla hajasikia kilio chochote.

Nyeri, ng'ambo tu ya Kirinyaga, inamkumbuka mtu aliyeuelewa ujirani huo. Irene Stefani, mtawa wa Consolata kutoka Italia, alifika Kenya mwaka 1915, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa kuwauguza wapagazi katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa zaidi ya risasi. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba siku moja huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa wake kitupu. Akaambiwa amekufa, ameshapelekwa ufuoni pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Alikwenda ufuoni, akageuza miili mmoja baada ya mwingine, akamkuta bado anapumua.

Baada ya vita alihamia Gikondi, upande wa Mukurweini, ambako watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na ambako alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa kumhudumia mgonjwa. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa. Mahubiri mengi juu yake husifu upole wake. Kisa cha Kilwa kinaonyesha kitu kigumu zaidi ya upole. Hospitali ile ilikuwa na hesabu yake, na hesabu ilisema amekufa. Mtu mmoja akakataa hesabu.

Hapa mwandishi wa Kiafrika hushawishika kusema kwamba kwetu kutomwacha mwenzako lilikuwa jambo la kawaida. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliuweka utu wa mtu ndani ya jamii yake, na tangu hapo sentensi yake moja kuhusu hilo imekuwa pambo la kila mkutano. Ukweli una kona zaidi. Kwa Wagikuyu wa zamani, wakiwemo Wandia na Wagichugu wa Kirinyaga, kifo ndani ya nyumba kilileta thahu, unajisi ulioweza kulazimu nyumba kuachwa na jamaa kutakaswa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mahututi mara nyingi alitolewa nje, akawekwa porini na moto kando yake, fisi wakimalizia kazi. Wazee wenye mali na wana ndio waliozikwa. Huu haukuwa ukatili wa watu wasiopendana. Ulikuwa utaratibu wenye mantiki yake, wa jamii iliyoujali uhai wa walio ndani kiasi cha kumsogeza nje anayeondoka. Jamii ile ile ilikuwa na ngwatio, ambapo majirani walilimiana mashamba kwa zamu, na hakuna aliyeachwa na gugu lake.

Undugu, basi, huwa na ukingo. Kila jamii huchora mstari na kusema kuanzia hapa si wetu tena. Zamani ulipita kwenye mlango wa nyumba ya anayekufa. Katika kundi la Jumamosi unapita kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na asiyeuweza anaachwa nyuma, kwa utani, kwa maneno ya kumtia moyo, lakini anaachwa. Anayeachwa aghalabu ni mzito, mzee, mgeni au aliyeamka vibaya, yaani yule ambaye moyo wake una uwezekano mkubwa zaidi wa kusimama.

Kuna pingamizi la haki hapa. Kugeuka nyuma kunasaidia nini ikiwa anayegeuka hajui la kufanya? Wakenya wengi humwinua aliyeanguka, humkalisha, humwagia maji usoni, humnywesha maji mdomoni, kisha humshika mikono na miguu na kumsukuma kwenye kiti cha nyuma cha Probox. Kama shingo imevunjika, upendo wa namna hiyo unaweza kumaliza kazi. Tena moyo uliosimama hausubiri. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita bila damu, na hakuna ambulensi itakayotoka popote ikafika shambani kati ya Kerugoya na Kutus ndani ya muda huo. Aliye kando yake ndiye ambulensi. Anachohitaji kujua kinafundishika kwa mchana mmoja: weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usikome hadi aje mwingine. Kwa aliyegonga kichwa, shikilia kichwa kisitikisike, iache kofia ya kinga mahali pake kama anapumua vizuri, na usimwinue.

Huko Kampala, karibu mwaka 2008, madaktari waliwafundisha watu zaidi ya 300, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, kwa sababu walijua kwamba hao ndio hufika kwanza. Kerugoya hao ni waendesha bodaboda wa stendi, ambao huwa wamefika kabla vumbi halijatulia. Ikiwa kusaidia ni faradhi, kujua namna ya kusaidia nako ni faradhi, kwa sababu wajibu ambao mtu amejifanya asiuweze bado ni wajibu wake. Huko Nyeri amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941, na kaulimbiu aliyowaachia maskauti ni kuwa tayari. Vijana waliompa wazo la skauti, wakati mji wa Mafeking huko Afrika Kusini ulipozingirwa vitani, walikuwa wajumbe, na baadaye wakapewa baiskeli za kupelekea barua. Mtu anaweza kumlaumu Baden-Powell kwa mengi ya kikoloni. Kwa hili alikuwa sahihi.

Na matokeo? Suleiman Kangangi wa Eldoret, nahodha wa Team Amani, aliyewahi kushika nafasi ya tatu katika Tour ya Rwanda mwaka 2017, alianguka na kufariki tarehe 27 Agosti 2022 kwenye mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Gino Mäder wa Uswisi alianguka bondeni tarehe 15 Juni 2023; alifanyiwa huduma ya kurudisha uhai pale pale, akachukuliwa kwa helikopta, akafariki siku ya pili. Hata katika nchi tajiri, kati ya watu kumi ambao moyo husimama nje ya hospitali, takriban mmoja tu ndiye anayepona. Anayepima wajibu kwa mafanikio ataona tisa wa bure. Lakini aliyepiga magoti barabarani hajui ni yupi kati ya kumi aliye chini ya mikono yake. Zaidi ya hapo, kufa mikononi mwa mwenzako ni tofauti na kufa mtaroni kundi likinywa chai Kutus, hata kama cheti cha kifo kitaandika sababu ile ile.

Msamaria hakuishia barabarani. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Makasisi huipita haraka sehemu hii ya bili, ingawa kwa Mkenya ndiyo yenye maumivu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Miaka mitano baada yake, Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 akizungushwa kati ya hospitali kabla ya kupokelewa, kisha akafariki. Waliomwokota walikuwa wametimiza sehemu yao, kama na wa ambulensi walivyotimiza yao. Mnyororo ulikatika kwenye mlango, na pale mlangoni ndipo anapotakiwa mtu wa kusimama na kukataa kuondoka.

Kwa hiyo kundi la watu sita likipatwa na mkasa, si kazi ya mmoja mwenye moyo mkubwa. Mmoja anabonyeza kifua, na wa pili anajiandaa kumpokea, kwa sababu dakika mbili tu zinachosha mikono. Wa tatu anasimama juu ya barabara, mita kadhaa nyuma, akipunga mkono ili lori la mchele lisimalize kilichoanzwa na mteremko. Wa nne yuko kwenye simu, kisha ataingia na mgonjwa kwenye gari na kubaki naye hadi jina lake liandikwe kwenye kitabu cha hospitali Kerugoya na ndugu zake wafike. Wa tano anabaki na baiskeli zote, kwa sababu mgonjwa akifungua macho, swali lake la kwanza litakuwa baiskeli yangu iko wapi, na kwa sababu kama hakuna wa kubaki nazo, wawili kati ya wanne wale watakuwa na hamu ya kurudi mapema.